Namba ya kudumu katika sikio la sungura

SWALI: Shikamoo Daktari. Ninafuga sungura Kivule, wapata arobaini hivi, na nimeshindwa kuwatofautisha. Nilianza kuwaandika kwa maka peni, namba zikafutika. Nikawavisha hereni ndogo, tatu zikachomoka na kuyachana masikio. Mwezi uliopita nimegundua kwamba dume niliyempandisha kwa majike sita amezaliwa na mama mmoja na wawili kati yao, na hao wengine sina hakika. Nimesikia wako wanaowachora sungura tatuu ya namba sikioni. Je, inawaumiza? Hina au piko haviwezi kufanya kazi hiyohiyo? Na hawa nilio nao nianzie nao wapi?

JIBU: Marahaba, dada yangu. Swali lako la mwisho ndilo zito kuliko yote, na nitalirudia baada ya kueleza mengine, kwa sababu wafugaji wengi huidhania tatuu kuwa dawa ya kumbukumbu iliyokwisha kupotea, ilhali kazi yake ni kuilinda kumbukumbu ambayo bado ipo. Kwa ufupi: ndiyo, tatuu ya sikioni ndiyo alama ninayoipendekeza kwa sungura wa uzazi, ndiyo, inauma, lakini maumivu yake yanaweza kupunguzwa sana, na hapana, hina na piko haviwezi kuchukua nafasi yake.

Nianze na yale yaliyokushinda. Sikio la sungura ni gegedu nyembamba iliyofunikwa ngozi pande zote mbili, na mnyama mwenyewe hulikuna kwa mguu wa nyuma mara nyingi kwa siku. Hereni za plastiki hudumu kwa ng'ombe kwa sababu sikio la ng'ombe ni nene. Kwa sungura hereni hukwama kwenye wavu wa kizimba au hunaswa na ukucha, na kinachochanika ni sikio. Maka peni hukaa juu ya ngozi tu, hivyo hufifia ndani ya siku chache, hasa kwa wanaorambana katika kizimba kimoja. Wako wanaotumia chipu ndogo inayodungwa chini ya ngozi kati ya mabega, nayo ni alama nzuri isiyofutika, lakini haisomeki bila kifaa chake, na mteja wako wa Gongo la Mboto au Chanika hatakuwa nacho. Waingereza wana desturi ya pete ya mguu wa nyuma, ambayo huvishwa sungura akiwa bado mdogo na huchaguliwa kipimo kulingana na jamii yake. Pete isiyokaguliwa inaweza kubana mguu unapokua, na mimi siwashauri wafugaji wenye wanyama wengi waitegemee.

Kuhusu hina, swali lako ni la haki kabisa kwa mtu wa Pwani. Hina hupaka rangi tabaka la juu la ngozi, na tabaka hilo hupukutika na kuzaliwa upya, ndiyo maana hata mapambo ya harusi hupotea baada ya wiki mbili au tatu. Tatuu hufanya jambo jingine: sindano hupenya tabaka la juu na kuuacha wino katika tabaka la chini, ambamo chembe za kinga za mwili huzimeza punje za wino na kukaa nazo, chembe moja ikifa, nyingine huzipokea punje zilezile, na namba hubaki mahali pake maisha yote ya mnyama. Ama piko, usimpake sungura kamwe. Mara nyingi piko huwa na kemikali ya kupaka nywele ambayo huweza kuunguza ngozi hata ya binadamu, na sungura atakayelamba sikio la mwenzake ataimeza.

Sasa maumivu. Mwaka 2012 watafiti nchini Uingereza walichapisha utafiti uliowalinganisha sungura waliochorwa tatuu sikioni kwa koleo baada ya kupakwa krimu ya ganzi yenye lidokeni na prilokeni, na wale ambao hawakupakwa. Wasiopakwa walionyesha dalili za wazi za maumivu. Waliopakwa zilipungua kwa kiasi kikubwa sana. Utafiti huohuo ndio uliotupatia kipimo cha kuyasoma maumivu katika uso wa sungura: macho hufumba nusu, mashavu hubonyea, tundu za pua zenye umbo la herufi U huelekea umbo la V, sharubu hukakamaa, na masikio hukunjwa na kulazwa nyuma. Ninakusihi ujifunze alama hizo tano, kwa sababu sungura ni mnyama anayewindwa na hupata faida kwa kunyamaza. Kukaa kimya kwake mikononi mwako si ushahidi kwamba haumii. Sheria yetu ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inakataza kumsababishia mnyama mateso yasiyo ya lazima, na maumivu ambayo krimu moja ingeweza kuyaondoa mimi nayahesabu kuwa si ya lazima. Mwombe daktari wa mifugo akuelekeze krimu hiyo na kiasi chake. Ipakwe ndani ya sikio mahali patakapochorwa, pafunikwe kwa nailoni laini ili asiirambe, na isubiriwe nusu saa au zaidi. Kisha ifutwe yote, isibaki hata kidogo, kwa kuwa mafuta yake huuzuia wino usiingie.

Kwa sababu hiyohiyo ya maumivu, usimchore sungura ambaye hana haja ya namba. Wale wa kuchinjwa wakiwa na miezi mitatu wanatoshwa na kadi iliyofungwa kwenye kizimba chao. Namba ya kudumu ni ya jike utakayembakiza kwa uzazi, ya dume, na ya yule utakayemuuza kwa mfugaji mwingine.

Vifaa ni vichache. Kipo kikalamu cha umeme, kinachochora kwa sindano inayotetemeka, ambacho huandika vizuri mikononi mwa mtu aliyezoea. Lakini kinachukua dakika kadhaa kwa kila sikio, kinavuma, na mkono wa mwanafunzi hutetemeka pamoja na mnyama. Kwa mtu anayeanza na mwenye sungura wengi ninapendekeza koleo la tatuu, lenye tarakimu na herufi zilizoundwa kwa vichomeo vidogo, zinazopangwa na kubadilishwa kila mara. Urefu wa tarakimu unaofaa sungura wa kawaida ni kama milimita 8. Koleo la mbuzi lenye tarakimu kubwa litalijaza sikio lote na kuigusa mishipa. Uliza katika maduka ya pembejeo za mifugo pale Kariakoo, na ikiwa itabidi liagizwe, onyesha kipimo hicho kwa milimita usije ukaletewa la ng'ombe. Wino uwe wa tatuu ya wanyama: mweusi kwa masikio meupe kama ya sungura weupe wa jamii ya New Zealand, kijani kwa masikio ya rangi ya giza, kwa maana weusi juu ya kijivu hausomeki. Wino wa stempu, wa kalamu, au masizi ya kukoroga nyumbani havifai. Kitu kinachoingizwa chini ya ngozi lazima kiwe safi.

Kabla hujanunua chochote, keti chini uamue namba zako zitasemaje. Hapa ndipo ninapowaona wafugaji wengi wakiharibu kazi nzuri, kwa kuanza na 1, 2, 3 na kuendelea, hadi siku moja wanamshika sungura 57 na hawawezi kujua ni wa mwaka gani wala wa mzao gani, yaani vitoto vya uzazi upi, bila kupekua daftari lote. Makoleo mengi hupokea herufi na tarakimu hadi tano, na tano zinatosha kabisa. Tuseme umechagua K kwa Kivule. Inayofuata iwe tarakimu ya mwisho ya mwaka wa kuzaliwa. Mbili zinazofuata ziwe namba ya mzao katika mwaka huo. Ya mwisho iwe ya kitoto chenyewe, shufwa kwa majike na witiri kwa madume. Kwa hiyo K5073 ni dume wa pili, wa mzao wa saba, aliyezaliwa 2025, na hata mtoto wako anayekusaidia ataweza kukuambia hivyo akiwa amemshika tu. Tarakimu ya mwaka itajirudia baada ya miaka kumi, lakini ni nadra sana jike wa uzazi kubakizwa bandani hata nusu ya muda huo, kwa hiyo hapatakuwa na mgongano.

Ile herufi ya mwanzo si ya kupamba. Sikio hushikwa namna nyingi, na 6 iliyogeuzwa juu chini ni 9. Herufi iliyo mwanzoni ndiyo inayomwambia msomaji namba inaanzia wapi. Basi usichague H, I, N, O, S, X wala Z, kwa sababu hizo ukizigeuza juu chini hubaki zilezile na hazimwongozi mtu.

Utaandika sikio gani? La kushoto. Nchini Marekani, chama cha wafugaji wa sungura kiitwacho American Rabbit Breeders Association kimelihifadhi sikio la kulia kwa alama ya usajili wa chama, na mfugaji huandika namba yake sikio la kushoto. Wajerumani nao huweka alama ya klabu kulia, na kushoto mwezi, mwaka na namba ya kitoto. Wewe hulazimiki kufuata chama cha mtu, lakini faida ya kuliacha sikio moja tupu ni kubwa, kama utakavyoona hapa chini. Nasisitiza kwamba ninasema kushoto kwa sungura, si kushoto kwako unapomtazama usoni.

Umri unaofaa ni wiki 8 hadi 10. Akiwa mdogo zaidi, sikio ni jembamba mno na namba hutanuka na kutawanyika linapokua. Ukichelewa zaidi, vijana watakuwa wamechanganywa vizimbani, na kosa litakuwa limeshatokea. Wewe labda unawaachisha kunyonya wakiwa na wiki 5 au 6. Kwa wiki chache zinazobaki, kila mzao ukae katika kizimba chake wenyewe, ukiwa na kadi ya mama na baba mlangoni, na maka peni yako ihuishwe kila baada ya siku tatu. Hapo ndipo maka peni ina kazi yake ya haki: ni daraja la kufika kwenye tatuu.

Chagua siku isiyo na joto kali, na uanze alfajiri. Mnajua wenyewe joto la Dar es Salaam kati ya Desemba na Machi. Sungura hana njia ya kutoa jasho kama sisi; hupoza mwili wake kwa kupeleka damu masikioni, hivyo wakati wa joto mishipa ya sikio huwa imevimba, na kumchora saa saba mchana ni kujitafutia damu nyingi na mnyama aliyechoka tayari. Kagua sikio kwanza. Ukiona magamba ya kahawia ndani yake, hao ni wadudu wa ukurutu wa sikio; mtibu kwanza, umchore akishapona.

Kazi ni ya watu wawili. Tandika gunia juu ya meza asiteleze, mfunge mwili wote kwa kanga iliyokunjwa, kichwa pekee kibaki nje, na msaidizi amkumbatie kwa kumkandamiza kifuani, akiwa ameidhibiti miguu ya nyuma. Miguu hiyo ina nguvu kuliko uti wa mgongo wa mnyama mwenyewe, na sungura anayerusha teke hewani anaweza kujivunja kiuno. Usimlaze chali ili atulie, kwa maana utulivu ule ni wa hofu. Na usimwinue kwa masikio, hata kwa dakika moja.

Panga tarakimu kwenye koleo kisha zibane kwenye kipande cha karatasi ngumu, usome upande ule vichomeo vilikoingilia. Usiruke hatua hii, hata kwa sungura wa mwisho wa siku. Nimewahi kuiruka. Katika shamba moja niliwachora sungura kumi na mmoja kwa haraka, jua likiwa limeshapanda, nikasahau kubadilisha tarakimu ya mwisho, na wanyama wawili wakabaki na namba moja maisha yao yote. Mwenye shamba alinisamehe, lakini mimi ndiye niliyewaumiza wanyama wawili kwa alama iliyokosa maana, na tukalazimika kumchora mmoja wao tena, katika lile sikio la kulia tuliloliacha tupu.

Sikio lifunguliwe, manyoya ya ndani yakatwe kama ni marefu, lisafishwe kwa pamba yenye spiriti na liachwe likauke. Washa tochi nyuma yake: utauona mshipa mkubwa unaopita katikati kuelekea nchani, na mshipa mwingine unaofuata ukingo. Namba ikae katika uwanja ulio kati ya hiyo miwili, mbali na ukingo. Paka wino kiasi juu ya ngozi, weka koleo, bana mara moja kwa nguvu na kwa uthabiti, kisha achia papo hapo. Kubana kwa woga, nusu nusu, ndiko kunakoleta namba zilizofifia na kumlazimu mnyama arudiwe. Halafu paka wino tena na usugue kwa kidole chenye glavu, au kwa mswaki laini, karibu dakika nzima, ukiusukuma uingie katika kila tundu. Kusugua huku ndiko kunakoamua kama namba itaonekana miaka mitatu ijayo, na ndiko watu wanakokufupisha kwa kuwa sungura tayari ameshahangaika na wao wameshachoka. Damu ikitoka, bonyeza kwa pamba hadi ikome kabla ya kusugua, kwa sababu damu inayotiririka huuosha wino.

Usiufute wino uliozagaa. Paka mafuta ya mgando kidogo juu yake, mpe mnyama majani anayoyapenda, umrudishe kizimbani kwake na kwa wenzake aliowazoea. Kati ya sungura mmoja na mwingine vichomeo visuguliwe kwa maji ya sabuni na kulowekwa katika spiriti, kwa maana jipu la sikio husafiri na sindano. Na koleo la kuazimwa na jirani lichemshwe kabla halijamgusa mnyama wako. Wino wa juu utapukutika wenyewe. Baada ya wiki tatu hivi, mulika sikio kwa tochi kutoka nyuma usome. Ikiwa tarakimu moja haionekani, usiichome juu ya kovu lilelile. Irekodi hivyo daftarini, na kama mnyama huyo ni muhimu sana, mwandike upya sikio la kulia.

Nalirudia sasa swali lako la mwisho. Sungura wazima wanaweza kuchorwa kama vijana, hilo si tatizo. Tatizo ni kwamba tatuu haitakuambia nani ni ndugu wa nani kati ya hao arobaini, na wewe usijaribu kukisia. Sungura huweza kupandishwa akiwa na miezi mitano au sita na hubeba mimba siku 31 tu, hivyo katika mwaka mmoja undugu huwa umeshasokotana kiasi ambacho kumbukumbu ya kichwani haiwezi kuufumua. Wachukulie majike wako wote kuwa ni dada. Chagua kumi au kumi na wawili walio na afya, wenye meno yaliyokaa sawa na waliolea vitoto vyao vizuri. Wachore hao, na mahali pa namba ya mzao uandike 00, na mwishoni herufi badala ya tarakimu, kwa kuwa tarakimu za shufwa ni tano tu na hazitawatosha; hiyo 00 katika daftari lako itakuwa na maana moja tu: wazazi hawajulikani. Yule dume na madume wenzake waliozaliwa hapo usiwapandishe tena. Tafuta madume wawili kutoka mashamba mawili yasiyonunuliana, ikiwezekana nje ya Dar es Salaam, na uwachore siku wanapoingia, kabla hawajakaa hata usiku mmoja na wengine. Mizao itakayotokana nao ndiyo itakayoanzia 01.

Daftari liwe na mistari ya wino, lisiwe la simu peke yake, na kila namba iwe na tarehe ya kuzaliwa, mama, baba, uzito wa kuachishwa, na jina la aliyemnunua siku utakapomuuza. Mpe mnunuzi nakala ya mstari huo. Nawe ukienda kununua dume, mwombe mwenye shamba akufunulie sikio na daftari kwa pamoja, usome namba mwenyewe.

Kuhusu wale majike sita: wapapase tumbo siku ya 12 au 14 tangu wapandishwe, au mwombe afisa mifugo wa kata yako akusaidie. Walio na mimba waache wazae kwa amani, lakini vitoto hivyo vyote, hata kile kizuri kitakachokushawishi, vihesabu kuwa vya nyama na usivichore namba.